Nyimbo Tatu Zilizobaki

Nyumba Namba 14, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 318.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kinanda,

Pokea salamu kutoka kwangu na kutoka nyumba hii unayoijua hadi nyufa zake. Hujambo? Wifi yangu hajambo, kile kifua kimempungua? Na mwanangu, shangazi yake anauliza kama meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kwa pengo.

Mimi sijambo, ila mgongo. Kiwandani wamenitoa kwenye mikono ya mashati wamenipeleka kwenye kola. Kola mia na ishirini kwa zamu moja, zote nyeupe, hata nikifumba macho naziona kola. Nashukuru wamenipa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zangu zote nashinda nyumbani.

Barua yako ya mwezi uliopita niliifungulia kwenye ngazi, nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Ulisema yule mzee wa kodiani anapiga kama mtu anayepanda kilima na mzigo, akifika juu anasahau alichokuja kufanya. Nimeitafuta albamu yake, na mwenzangu wa meza ya vifungo akanipatia. Umesema kweli. Wimbo wa mwisho, pale anapoacha kupiga na unasikia kodiani inahema tu, nimeurudia mpaka sindano ya cherehani ikanichoma kidole.

Ukaniuliza mimi niko kwenye nini siku hizi. Niko kwenye mbili. Ya kwanza ni ya wanawake wanane wanaoimba bila ala yoyote, isipokuwa mmoja anapiga kiganja juu ya meza. Walirekodi kwenye ukumbi mtupu, na kabla ya wimbo wa tatu unasikia kiti kinaburutwa. Sijui kwa nini kile kiti kinanipendeza kuliko hata sauti zao. Ya pili ni santuri ya Mama, ile ya saksafoni yenye jalada lililochanika, aliyoichagua kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja mpaka Baba akasema mwanamke huyu hakuolewa na yeye, aliolewa na saksafoni. Naipiga asubuhi kwa sauti ya juu kabisa, na hakuna anayelalamika.

Hapo sasa ndipo penye habari yangu. Kaa chini kwanza.

Baba hasikii tena. Sisemi masikio yamekuwa mazito, au umsemeshe kwa nguvu. Hasikii kitu.

Sikio la kushoto lilimwacha mwezi wa Machi. Aliamka akasema spika moja imekufa. Akaifungua, akaifunga, akabadilisha nyaya, akaifungua tena. Siku ya pili nikamkuta amegeuza kochi liangalie mlango. Alipokaa hivyo, spika iliyokufa ikawa ile nyingine. Akabaki ameketi na bisibisi mkononi.

Daktari wa masikio alisema mshipa unakufa, na wa kulia umeshaanza kuufuata mwenzake. Alisema wiki, labda miezi, hawezi kuahidi. Vile vifaa vya kuvaa sikioni vilijaribiwa. Maneno aliyapata kidogo, lakini muziki, alisema, umekuwa mchanga ndani ya kopo. Alivivua, akavirudisha kwenye kisanduku chake, akamshukuru daktari kwa adabu zile zake, tukashuka ngazi.

Utauliza kwa nini hukuambiwa. Alinikataza. Alisema usisumbuliwe kwa ajili ya mtu ambaye hamsemezani naye zaidi ya salamu. Na mimi nilimtii haraka kuliko ilivyostahili, kwa sababu nilikuwa na langu. Mficha uchi hazai, na mimi uchi wangu nimeuficha miaka mitano.

Nilidhani miezi yake ya mwisho ya kusikia ataitumia kwa zile santuri zake. Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja kwenye chumba cha santuri cha redio, chumba kisicho na dirisha, akizifuta moja moja kwa kitambaa chenye unyevu na kuziandikia kila moja kadi yake, mpaka wafanyakazi wenzake wakamwita Mzee Sindano, huyo atakwenda wapi tena? Nilizitoa kwenye rafu, nikampangia mezani zile anazozipenda. Ya fidla mbili. Ile ya bendi ya polisi. Ya Mama.

Akaziangalia. Akasema, "Hizi zirudishe."

"Hutaki kuzisikia?"

"Hizi ninazo," akagusa paji la uso. "Nikiwa kiziwi kabisa bado nitazisikia, hata mikwaruzo yake naijua. Muda wenyewe mfupi. Nataka nisizozijua. Wewe uko kwenye nini kipya?"

Nikampigia wale wanawake wanane. Alisikiliza ameinamisha kichwa, sikio la kulia kwenye spika. Akasema yule wa sauti ya tatu ana mafua. Halafu akauliza kama sina kingine.

Ninacho, Kinanda. Nimekuwa nacho miaka mitano.

Ile bahasha uliyoituma, ya rangi ya khaki, imeandikwa "Kwa Baba" kwa mwandiko wako wa kulala, yenye diski ya albamu yako ndani, sikumpa. Ilifika kiwandani kwa anwani yangu kama barua zako zote zilivyokuwa zikifika. Ulipoandika kuniuliza, nikakujibu kwamba Baba ameisikiliza yote na hakusema neno. Huo ulikuwa uongo. Baba hakuwahi kuiona.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Mama alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Baba alikuwa anakula nusu kipande cha mkate kwa siku. Na ninyi wawili mlikuwa mmeachana vibaya, yeye amekwambia mbele ya waombolezaji kwamba unapiga gitaa kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na wewe umeondoka bila kumpa mkono. Nikasema niisikilize kwanza mimi, nione kama inafaa kumpa mgonjwa. Nilikaa jikoni na kile kiredio kidogo cha diski. Nilifika wimbo wa nne, ule wa nyumba yenye santuri elfu na watoto wawili wasiosikilizwa, nikazima. Nikasema, hii itamuua.

Hilo ndilo nililojiambia. Lipo na lingine, dogo na baya zaidi. Niliudhika. Ulisema watoto wawili. Wa pili ni mimi, na hukuniuliza. Wewe umekwenda zako, mimi ndiye ninayemfulia, ninayempeleka kliniki, halafu unaniimba. Nikaitia bahasha kabatini chini ya vitambaa vya mapazia, nikasema nitampa wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi. Ulipouliza, ulimi ukateleza, na uongo ukishatoka hauna pa kurudi.

Mwaka uliofuata ukaniandikia kwamba gitaa umelitundika ukutani na umepata kazi ya kuendesha mashine ya kupakia mizigo ghalani. Uliandika kwa utani, kwamba angalau mashine ikipigwa vibaya inasema. Nilisoma barua ile kwenye foleni ya kusaini zamu. Nikaikunja, nikaenda kushona. Nilijua nimefanya nini. Na yeye, kila baada ya miezi kadhaa, alikuwa akiniuliza, bila kuniangalia, "Huyo mwenzio bado anapiga?" Nami najibu, sijui.

Basi siku ile ya Mei aliponiuliza kama nina kingine, nikaenda kabatini. Nikamwekea bahasha magotini.

Aliivaa miwani. Alisoma "Kwa Baba." Kisha akaigeuza akasoma mhuri wa posta, na hapo nikaona kidole chake kimesimama juu ya tarehe.

"Hii imekaa wapi?"

"Kabatini."

"Yeye anajua?"

Nikamwambia, hapana. Nikamwambia ulichoambiwa. Ilibidi niseme mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakunisikia, na kuungama kwa kupiga kelele, mdogo wangu, sikuombei.

Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Alisema tu, "Kwa hiyo miaka mitano yote mimi ndiye niliyenyamaza."

Kesho yake, saa nne asubuhi baada ya chai, alinigongea mlango akiwa na kalamu na kadi tupu, zile kadi za manjano za redio alizoondoka nazo alipostaafu. Akasema sikio halibebi zaidi ya wimbo mmoja kwa siku. Wa pili ukija unakuta wa kwanza bado umekaa. Kwa hiyo tutasikiliza mmoja mmoja. Nyimbo ni tisa, siku ni tisa. Hesabu ile ilinitisha.

Nataka nikuambie kila siku ilivyokuwa, maana ni mali yako.

Wimbo wa kwanza aliusikia mara mbili. Akaandika: besi imetulia, mpigaji hana haraka. Wa pili aliuliza ngoma anapiga nani, nikasema ni wewe mwenyewe, ulinieleza wakati ule kwamba mpiga ngoma hakutokea. Akatikisa kichwa, akaandika jina lako upande wa ngoma, kwa herufi kubwa kama alivyokuwa akiwaandika wapigaji wa redioni. Wa tatu hakuupenda. Nakwambia hivyo hivyo. Aliandika: maneno mengi, pumzi haitoshi.

Siku ya wa nne nilitaka kutoka chumbani. Akaninyooshea kidole kwenye kiti. Alisikiliza na jicho moja limefumba. Ulipokwisha akaomba urudiwe, mpaka chai yangu ikapoa. Halafu akasema, "Gitaa liko mbele mno." Akaandika hivyo. Kisha akasema, "Maneno ni ya kweli." Akayaandika hayo pia, kwenye mstari wake, akayapigia mstari chini kwa rula.

Haikumuua, Kinanda. Nimemficha mzee miaka mitano kitu ambacho alikiweza kwa dakika tano.

Wa tano ule usio na maneno ndio alioupenda. Hakusema, ila mguu ulisema, na mguu wa Baba hausemi ovyo. Kwenye kadi kuna neno moja tu: rudia. Wa sita aliusikiliza akaniuliza, "Pale katikati pametulia, amesahau?" Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba hapakutulia, pana mluzi. Wewe unapiga mluzi pale. Sauti nyembamba zilikuwa zimeshamkimbia. Akaitikia taratibu, akaandika: mluzi (nimeambiwa).

Siku ya saba tulikaa kama kawaida. Niliweka diski, nikasogeza spika, akaegemeza sikio. Wimbo ukaanza, ukaenda, ukafika kile kiitikio chenye sauti mbili, ukaisha. Nikasubiri aandike. Alikuwa anaangalia dirishani, kalamu tayari.

Akageuka akaniambia, "Washa basi."

Nilichukua ile kalamu mkononi mwake nikaandika pembeni ya gazeti: umekwisha. Aliisoma. Akasema niupige tena. Niliupiga tena. Nikapandisha sauti mpaka jirani yetu muuguzi, wa ng'ambo ya ukuta, akatoka kuuliza kuna nini. Baba alikuwa amebana sikio kwenye spika kama mtu anayejaribu kuingia ndani yake. Kisha akajivuta, akaanza kuifuta spika kwa mkono wa shati, pole pole, ingawa haikuwa na vumbi.

Muuguzi, Mungu ambariki, akamwandikia kwamba viziwi wengine huweka kiganja juu ya spika wakapata mdundo. Baba akasoma akajibu, kwa sauti ile ya ajabu aliyonayo sasa, ya mtu asiyejisikia, "Huo ni mtetemo. Hata friji inatetemeka." Muuguzi akacheka. Mimi sikuweza.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Tangu hapo haitumii sana sauti asiyoisikia, tunaandikiana kwenye daftari la mistari. Niandike nini utakula, yeye aandike chai tu. Niandike maumivu vipi, yeye aandike hakuna. Kurasa zote ni hizo. Mambo mengine hajaniandikia, nami sijathubutu kuyaanza. Jumapili mbili zimepita bila mtu kuuliza mwenzake yuko kwenye nini. Kochi limerudishwa lilipokuwa. Anakaa pale na magazeti, na vyombo vikidondoka jikoni hageuki, na mimi kila mara nasahau namwita.

Alhamisi iliyopita alinipa ile kadi. Mistari sita imejaa, mitatu mitupu, namba saba, nane na tisa zimeandikwa tayari pembeni. Akaonyesha mistari ile, akaandika kwenye daftari: nieleze. Nikachukua hedifoni nikazisikiliza zote tatu, wa nane na wa tisa kwa mara ya kwanza, maana peke yangu sikuwahi kuvuka wimbo wa nne. Nikaandika ukurasa mzima. Akausoma na kalamu nyekundu mkononi, kama alivyokuwa akisahihisha kadi za vijana wa redioni. Nilipoandika nzuri, akakata. Nilipoandika inasikitisha, akakata. Nilipoandika gitaa linalia, akaniangalia kwa huruma. Mwishoni ukurasa ulibaki na maneno manne, na akaandika chini yake: huyu hakuwepo.

Ni kweli, sikuwepo. Aliyekuwepo ni wewe.

Kwa hiyo nakuomba, na najua sina uso wa kukuomba kitu: usipige simu. Tumezoea upige kwa dakika moja, umsalimie ukate. Sasa hata hiyo dakika haipo. Mwandikie. Mwandikie nyimbo hizo tatu, nani anapiga nini, zinaanzia wapi, ile sauti ya pili kwenye kiitikio ni ya nani, maana mimi siijui na yeye ataiuliza. Mwandikie kama fundi anavyomwandikia fundi. Macho yake ni mazima, na wewe maneno hujawahi kukosa.

Nilimwonyesha kwamba naandika barua hii. Nilimwuliza kama ana la kukwambia. Alifikiri sana, akaandika kwenye daftari, nami nanakili neno kwa neno: "Mwambie sikuwa nimenyamaza. Sikuwa nimesikia." Chini yake akaongeza: "Wa tatu aupunguze maneno."

Mimi sikuombi msamaha leo. Ukiuleta leo nitajua ni adabu tu. Najua kwamba barua zetu, za albamu hii na albamu ile, ndizo zilizonibeba miaka yote hii, na kwamba kila uliponiandikia kwa furaha ulikuwa unamwandikia mtu aliyekuibia. Ukiamua kutoniandikia tena, nitaelewa. Nitaumia, lakini nitaelewa.

Nisalimie sana wifi yangu, umwambie ajifunike kifua. Mbusu mwanangu pengoni. Shangazi Mwendapole anakusalimu, bado anauliza kama kwenu kuna watu wa kawaida. Muuguzi pia anakusalimu ingawa hakujui, anasema amekusikia kupitia ukutani.

Mwenyezi Mungu akulinde kazini, akuepushie mizigo inayoanguka, na akupe mkono mwepesi wa kuandika.

Ukiandika, bahasha iandike jina lake, na uitume hapa nyumbani, si kiwandani. Nimeshaongea na mtu wa posta. Nimemwambia asibishe hodi, aisukume tu chini ya mlango, Baba yupo pale asubuhi yote.

Akupendaye, utake usitake,
Dada yako